Safu ya Tatu

Mchota-sauti hupachikwa nyuma ya sikio la mgonjwa mahututi, kifaa kidogo kama punje ya choroko, kikakusanya kila neno analotaka kuacha na kulipeleka Ghala la Sauti, katikati ya jiji la Manonga. Huko kila marehemu ana chumba chake ndani ya mtambo. Mnazika leo, kesho mnakwenda Ghalani mnamsikia akiongea. Watu hulia pale mpaka wakatosheka.

Wengine huambiwa hawana ruhusa, na aliyezitunga ruhusa hizo ni mhandisi Kabula binti Nkwabi. Siku ya tatu baada ya kumzika baba yake, saa nne asubuhi, Kabula alifungua orodha ya chumba cha marehemu. Ilikuwa mistari miwili tu:

csaesaes-e   Nkwabi   ukoo-Nkwabi   chumba
-s--s-----   Nkwabi   ukoo-Nkwabi   kwa-Kabula

Alizisoma herufi zile kama mtu asomaye cheti chake cha kuzaliwa. Ya kwanza husema kama ni chumba au sauti: c ni chumba, kistari ni sauti. Zinazobaki ni safu tatu, herufi tatu tatu: safu ya mwenyewe, safu ya ukoo, safu ya wengine. S ni kusoma, a ni kuandika, e ni kuingia. Penye kistari, hapana.

Sauti ilikuwa yake, jina lake limeandikwa juu. Lakini Kabula alikuwa ameolewa, na binti akiolewa mtambo humtoa ukoo wa baba na kumpeleka ukoo wa mume siku hiyohiyo. Kwa chumba cha baba yake yeye alikuwa wengine. Angeweza kuingia na kuona majina, basi. Kwenye sauti yenyewe safu ya tatu ilikuwa vistari vitupu.

Nani aliitunga kanuni hiyo? Yeye! Wazee waliiomba ukumbini miaka sita iliyopita, naye, msichana asiye na mchumba, aliona ni mistari minne tu ya kuandika, akaiandika kabla ya chai. Ufunguo mkuu, ambao ungefungua vyote, ulivunjwa kwa pendekezo lake mwenyewe, ili mhandisi asichungulie siri za marehemu wa watu. Walimpigia makofi.

Mzee Nkwabi alikuwa hajamsemesha kwa miaka minne, tangu alipoolewa na mwanamume ambaye mzee hakumtaka. Kabula hakutaka kitu kingine duniani ila kujua kama baba alikufa amemsamehe. Alimwita karani wa chuma, roboti aliyekaa kitandani pa mzee siku ya mwisho.

"Alikuagiza nini kuhusu ruhusa?"

"Alisema wasikie wa ukoo tu, watu baki wasisikie," roboti alijibu. "Tena asiachiwe mtu nafasi ya kubadili hata neno moja. Nilimuuliza: ukoo? Akasema: ndiyo, kwani mwanangu si ukoo wangu?"

"Na wewe hukumwambia?"

"Kanuni yako inaniagiza nijibu ninachoulizwa. Hakuniuliza."

Kabula alikaa chini, pale pale sakafuni. Kisha alimpigia baba yake mdogo, Luhende, aliyekuwa ndani ya ukoo. Uso wa Luhende ulitokea hewani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utapiga. Nimeshaisikiliza."

"Naomba unisikilizishe na mimi. Nakuomba."

"Kuna mambo ya ukoo mle, hayatoki nje. Wewe una kwako sasa."

"Sitaki mambo ya ukoo! Niambie kitu kimoja tu. Mwanzoni, aliniitaje? Alisema Kabula, au alisema mayu?"

Mayu ni mama. Mzee Nkwabi alimpa binti yake jina la mama yake mzazi, na tangu utotoni alimwita hivyo kila alipokuwa na furaha naye. Miaka minne hakulitamka.

Luhende alitazama pembeni.

"Kanuni ni yako, Kabula," alisema hatimaye. "Ulitufundisha mwenyewe pale ukumbini, na ukatufundisha vizuri." Uso ukapotea.

Kabula aliruka kutoka sakafuni, akaketi kitini. Alikumbuka alichokuwa amekisahau. Baba alizuia sauti isibadilishwe, lakini kufuta si kubadili sauti. Kufuta ni kuondoa jina chumbani, na chumbani ukoo ulikuwa na a: Luhende aliweza kufuta. Aliita orodha tena:

csaesaes-e   Nkwabi   ukoo-Nkwabi   chumba

Mstari wa pili haukuwepo.

Kesho yake alirudi kazini, maana angekwenda wapi? Wa kwanza dirishani alikuwa mama mwenye kanga nyeusi, amemzika kaka yake. Wanawake kama huyo, walioolewa nje ya ukoo wao, Kabula alikuwa amewarudisha mamia, na kila mmoja alimwambia neno lilelile: soma safu ya tatu, mama.

"Mwanangu," mama yule aliuliza, akiweka kidole kwenye kioo, penye orodha ya kaka yake, "hivi vistari vitatu vya mwisho ni nini?"

"Ni sisi, mama," Kabula alisema. "Mimi na wewe. Niliviweka mimi."