Herufi Sitini na Tatu

Mngeiona nyumba ile mchana wa Jumatatu mngeitamani. Sakafu imepigwa deki, dirisha liko wazi, pazia linacheza na upepo, na watu watatu wamekaa mezani wanakula bila haraka. Mama mtu mzima, aliyeshona nguo za watu kwa miaka thelathini na sita. Mwanawe wa pekee, mtunzi wa programu za kompyuta. Na mkwewe, karani wa mapokezi kwenye zahanati ya mtaa wa pili. Mama alikuwa anasimulia.

"Basi yule bibi akaja na kitambaa cha njano, yadi nne, kimefungwa kwenye gazeti. Na gazeti lenyewe limelowa chapachapa, maana siku hiyo mvua..."

"Mama," mwanawe akasema, "mwisho wake ikawaje?"

"Mwisho? Mwanangu, bibi wa watu hata hajakaa kitini!"

"Kwa kifupi, mama."

Mama akamtazama, akakitazama kijiko chake. "Alileta kitambaa," akasema, akaendelea kula.

Mtaa mzima ulimwita mwanamume huyo Mkasi. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi ya mama yake. Wapi! Aliitwa hivyo kwa kukata watu maneno. Alimkata muuza duka kabla hajataja bei, alimkata kinyozi, alimkata mtangazaji wa redio katikati ya utabiri wa hali ya hewa, akatoka bila mwavuli. Jirani yake alikuwa na kasuku msemaji. Mkasi alimkatiza kasuku yule kwa wiki mbili mfululizo, na ya tatu kasuku akahama kwa miguu, kwa aibu, akiwa na mabawa yake mazima. Anayebisha aende akaulize lilipo tundu tupu.

Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Hakunywa, hakupiga mtu, alirudi nyumbani mapema. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: aliamini kwamba jambo la maana husemwa kwa maneno machache, na kwamba anayesema mengi hana la kusema. Ugonjwa huo hautoi harufu wala hauonekani usoni, ndiyo maana unakaa ndani ya nyumba miaka mingi watu wakidhani ni tabia.

Sasa sikilizeni ulivyotoka nyumbani ukaingia kazini.

Ile zahanati ilikuwa na kompyuta kuukuu zenye kumbukumbu ndogo, na Mkasi ndiye aliyeitwa kuzitungia programu. Akaiandika kwa lugha iitwayo C. Lugha hiyo haina huruma. Lugha nyingine zitakuandalia chumba, zitakutandikia kitanda, zitakuuliza kama umeshiba. C inakupa kiwanja kitupu na kukuacha. Ukitaka kuhifadhi maneno, wewe mwenyewe ndiye unayepima nafasi yatakapokaa, na ukikosea kupima, ni shauri yako.

Kazi ya programu ilikuwa hii. Karani wa mapokezi akimwandikisha mgonjwa, maelezo yake yanakaa kwenye faili, kila mgonjwa mstari wake: namba, jina, umri, mtaa, na mwisho angalizo, yaani neno lolote ambalo daktari anapaswa kulijua. Kati ya habari moja na nyingine kuna kijiti kimesimama, kama ukuta wa chumba na chumba. Programu inasoma mstari, inaukata kwenye vijiti, inaweka kila habari ndani ya kisanduku chake, halafu inaandika faili jipya linalosomwa na daktari na mtu wa dirisha la dawa.

Kisanduku cha angalizo Mkasi alikipa nafasi sitini na nne: herufi sitini na tatu, na nafasi moja ya alama ya kuiambia mashine kwamba maneno yameishia hapo. Hakupima chochote. Aliitoa namba hiyo kichwani tu.

Mwanzoni maneno yakizidi yalifurika, yakaingia kwenye kisanduku kilichopakana nacho ndani ya mashine, cha umri. Wiki ya kwanza mzee mmoja alitokea kwa daktari akiwa na umri wa "goti la kushoto". Watu walicheka, Mkasi akanuna. Akarekebisha kwa njia aliyoizoea: herufi ya sitini na nne ikifika, programu inakata, na yaliyobaki inayatupa kimya kimya.

Muuguzi mkuu alimuuliza, "Na hayo yanayokatwa, programu inamwambia mtu?"

"Imwambie nini?"

"Kwamba kuna maneno yamekatwa."

"Dada, anayejua kazi yake anaandika kifupi."

Tukirudi pale mezani, mama alipokwisha kunyamaza, mkewe Mkasi alisogeza sahani. Alikuwa na jambo lililomkereketa tangu asubuhi.

"Mume wangu, leo kuna mama mmoja alikuja na mtoto. Yule anayekaa karibu na mashine ya kusaga, mwenye shungi la kijani. Sasa mimi nikamwandika, nikaandika na lile tatizo la mtoto la..."

"Bibie, unataka kuniambia nini? Kwa neno moja."

Alitaka kumwambia kwamba angalizo la mtoto yule lilifika kwa daktari likiwa nusu, na kwamba halikuwa la kwanza. Lakini habari hiyo haiingii kwenye neno moja. Akatafuta, akakosa, akabaki na neno moja tu.

"Basi," akasema.

Alhamisi mama aliamka na kifua kimebana na homa. Mkasi mwenyewe alimpeleka zahanati, na nasema hivyo ili mjue kwamba alimpenda. Dirishani kwa mapokezi alikuwa mkewe, naye hakumkatiza mama mkwe hata mara moja. Alimsikiliza habari ndefu ya miaka ishirini iliyopita, yenye dada, yenye ngazi za nyumba ya dada, na huku anasikiliza anaandika, la hatari kwa herufi kubwa ili lisipotee njiani kama la yule mtoto. Alipomaliza, angalizo lilisomeka hivi:

Aliwahi kuugua kifua akiwa kwa dada yake huko akachomwa sindano ya penisilini uso na ulimi vikavimba akakosa pumzi ASIPEWE TENA.

Hesabuni herufi na nafasi zake, kama mna subira, hadi sitini na tatu. Mtafika mwisho wa neno "sindano". Na ubaya wa mkato ule ni kwamba ulikuwa safi. Ungekata katikati ya neno, mtu angeuliza mkia uko wapi. Huu uliacha sentensi imekaa vizuri, imenyooka, kama iliyokamilika.

Daktari, mwanamke mwenye macho ya uchovu, alimpima mama, akamgeukia. "Mama, kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

"Ee mwanangu, hiyo habari ina mwanzo wake," mama akasema, akijiweka sawa kitini. "Nilikuwa kwa dada yangu, nyumba yake ina ngazi nyingi, na mimi siku hiyo..."

"Mama!" Mkasi akamshika bega. "Nje kuna foleni. Si umeshamweleza mkweo? Yote yamo humo." Akaonyesha kioo cha kompyuta kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Daktari akasoma kwa sauti. "Aliwahi kuugua kifua akiwa kwa dada yake huko akachomwa sindano. Haya, kumbe ndiyo matibabu uliyopewa. Sindano zilikufaa?"

Mama akafungua mdomo. Mkono wa mwanawe ulikuwa bado begani.

"Zilimfaa," Mkasi akajibu. "Si huyu hapa?"

Mama akafunga mdomo. Mtu aliyekatwa kwa miaka mingi hujifunza kujikata mwenyewe.

Hazikupita dakika kumi baada ya mama kuchomwa sindano ya penisilini. Mama alianza kujikuna shingo, midomo ikajaa, macho yakafumba kwa uvimbe, na pumzi ikawa inaingia kwa mluzi. Akamnyooshea mwanawe mkono, akataka kusema, na safari hii ulimi wenyewe ndio uliomkatiza.

"Mama, sema! Unasikia nini? Sema, mama!" Mkasi alipiga kelele, na nadhani ndiyo siku ya kwanza maishani alipomwomba mtu aseme zaidi.

Muuguzi mkuu alikuja mbio na sindano ya kuokoa, daktari na hewa ya mtungi. Walimpigania. Mkewe aliacha dirisha, akasimama mlangoni ameshika kichwa.

"Nimeandika!" alisema. "Nimeandika kwa herufi kubwa asipewe!"

"Hakuna kitu kama hicho," daktari akasema bila kugeuka. "Njoo usome mwenyewe."

Pumzi ya mama iliporudi kidogo, Mkasi alikwenda mapokezi, akasoma faili la mkewe, lote, hadi neno la mwisho. Akarudi kwa daktari, akasoma lake. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Alipofika sitini na tatu hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Ulijua kwamba inakata?" akamuuliza mkewe.

"Nilikwambia Jumatatu, mezani."

"Hukuniambia."

"Nilianza kukwambia."

Kwa siku mbili mama alilala zahanati, ulimi umejaa mdomo, hasemi. Mkasi alikaa pembeni ya kitanda, na ukimya ule aliokuwa akiutafuta kila mlo alipewa wote kwa mkupuo. Hakuupenda. Aliwasikia wagonjwa wa vitanda vingine wakisimulia habari zao ndefu kwa ndugu zao, akawaonea wivu.

Siku ya tatu uvimbe ulishuka. Alipomweleza mama kilichotokea, mwanzo hadi mwisho bila kujitetea, mama alisikiliza bila kumkatiza, halafu akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Mimi nimeshika mkasi miaka thelathini na sita. Mteja akija, kwanza namzungushia kipimo. Mnene, mwembamba, mrefu, nampima. Ndipo nakata. Wewe, mwanangu, ulishona gauni moja, na kila asiyeenea ukamkata mkono."

Mkasi alirudi kazini na maneno hayo. Alikaa siku nzima nyuma ya dirisha la mapokezi akiwasikiliza watu wakijieleza. Kisha akaiandika upya programu. Sasa inayapima maneno kwanza, ndipo inaomba nafasi ya kutosha. Mashine ikikosa nafasi, haikati, inasimama na kutaja namba ya mstari iliposhindwa. Na ikimaliza kuandika inasoma tena ilichoandika, inalinganisha na cha kwanza.

Halafu yeye na mkewe wakarudia mafaili ya nyuma. Maangalizo mia mbili na kumi na mawili yalikuwa yamekatwa. Kumi na moja kati yake yalikuwa ya hatari kama la mama. Yule mtoto wa mama mwenye shungi la kijani alikuwamo. Mkasi alibisha hodi kwenye nyumba zote kumi na moja kwa miguu yake, akajieleza, akatukanwa inavyostahili, na hakumkatiza hata mmoja aliyemtukana.

Jumatatu nyingine walikuwa tena mezani watatu.

"Mama," Mkasi akasema, "yule bibi wa kitambaa cha njano. Gazeti lilikuwa limelowa. Halafu?"

Mama akamwangalia kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu ngazi iliyooza. Akaanza polepole. Ikaja mvua, ikaja foleni ya maji, akaja na mbwa asiyehusika kabisa. Chakula kikapoa. Na mwishoni kabisa ikajulikana kwamba bibi yule alikishonesha kitambaa chake gauni, akabakiza yadi moja, akaitazama mimba ya fundi wake, akasema, hii ya mgeni wako.

"Ndiyo uliyofungiwa siku uliyozaliwa," mama akasema. "Ninayo bado kwenye sanduku. Nimejaribu kukwambia tangu una miaka kumi."

Mkewe akamsogezea Mkasi maji.

MAFUNZO YA KUONDOKA NAYO

Nyinyi mnaotunga programu, msiseme kosa lilikuwa la C. C ilifanya ilichoambiwa. Maneno ya watu yapimeni kabla ya kuyatengea nafasi, na mkishindwa kuyabeba semeni kwa sauti kwamba mmeshindwa. Kukataa kazi waziwazi ni aibu ya siku moja, ila kutupa maneno ya mtu kimya kimya kunaweza kumuua.

Na sisi wengine tusiojua kompyuta tusijione tumepona. Kila nyumba ina mtu anayeanza mbali, anayepita kwa dada na kwenye ngazi kabla ya kufika. Mwacheni afike. Mara nyingi lile la kuokoa maisha amelibeba mwishoni.