Programu Ilimpenda Olive Kupita Kiasi

— Magloire, njoo uchukue pete yako!

Mjukuu wangu Olive alikuwa kwenye simu na mchumba wake, sauti imefunguliwa. Nilikuwa nakata majani ya sombe, nikaweka kisu chini.

— Pete? Padri anatungoja saa tisa! Tumekosa mafundisho mara mbili. Leo tukikosa, anafuta tarehe ya ndoa!

— Nani amenikosesha? Programu yako! Leo samedi, siku yangu ya kupumzika, niko congé, imenitumia fishi saba!

Olive anafanya kazi kwenye kampuni ya sola hapa Goma. Mteja akilalamika kwamba taa haziwaki, programu aliyotunga Magloire, mchumba wake na mfanyakazi mwenzake, ndiyo inachagua mfanyakazi wa kupewa fishi ya malalamiko hayo. Chef, mkubwa wao wa kazi, hachagui tena.

Magloire akaja na moto, pikipiki ya kukodi, kutoka Munigi, vumbi jeusi hadi kwenye nyusi. Hata na haraka ile, alinisalimu kwanza, “Jambo, Koko,” kwa mikono miwili.

— Olive, programu haina upendeleo. Inampa mutu mwenye fishi chache mkononi.

— Na kwa nini mimi nina chache?

— Kwa sababu… unamaliza.

— Na Lionel, mwenye zamu ya leo?

— Ana ishirini.

— Tangu lini?

— Tangu juma lililopita.

— Ah! Lionel anasinzia, programu inasema, “Maskini, amelemewa.” Mimi namaliza, inasema, “Huyu hana kazi, mwongezee!” Nimekuambia mara ngapi?

— Mara nne…

— Sita! Na kila mara, “Nitaangalia, chérie.” Umeangalia nini?

Nilidhani atajitetea. Akavuta kiti, akafungua kompyuta yake.

— Una haki. Nilihesabu fishi zilizobaki tu. Zile ulizomaliza, sikuhesabu hata moja.

— Sasa?

— Sasa aliyemaliza nyingi anapumzishwa. Aliye congé hapewi kabisa. Na hizi saba, nipe nne.

Wakawapigia wateja simu na kuwaelekeza, mmoja mmoja, bila kutazamana. Nilileta chai. Kikombe kimoja tu kilikuwa na sukari, maana ilituishia. Magloire alionja, akakisogeza kimyakimya upande wa Olive. Olive akakinywa, bado amenuna.

Saa nane na nusu wakamaliza. Magloire akaandika kwenye programu, Olive akitazama: Olive, hayupo. Magloire, hayupo.

— Twende. Koko, na wewe njoo, padri anataka muzazi mmoja.

Tulifika padri akiwa amekwisha kufungua daftari lake, kalamu mkononi. Hatujakaa vizuri, simu ya Magloire ikalia.

— Jibu, mwanangu, ili tuanze, padri akasema.

Sauti ya Lionel ikajaa chumba kizima.

— Magloire! Programu yako imeharibika! Fishi zote zinaniangukia mimi!

— Haijaharibika, muzee. Anza na ya kwanza.

Akazima simu. Olive akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka machozi. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa pete, akamnyooshea Magloire mkono.

— Nivalishe. Na ukiniambia tena “nitaangalia,” nakupa fishi mimi mwenyewe.

Padri akaweka kalamu chini; tarehe ya ndoa hakuifuta.