Kitalu cha Kumi na Tatu

Chumba cha kompyuta kilinuka udongo uliolowa, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi miwili. Mwalimu alifungua madirisha yote manne, akainama chini ya meza kutafuta bomba linalovuja, asilione. Chuo kilikuwa cha kilimo na wanafunzi waliingia darasani na viatu vya shambani, kwa hiyo akajiambia harufu ni yao.

Alikuwa mtu mpole. Wanafunzi wake walijua zaidi kupandikiza miche kuliko kushika kipanya, naye hakuwacheka. "Jedwali ni shamba," aliwaambia. "Mistari ni matuta. Kila kisanduku ni shimo moja, na kila shimo lina mbegu yake. Mkijaza ovyo, mtavuna ovyo." Wiki hiyo walikuwa wakiandika vipimo vya vitalu kumi na viwili vya mazoezi: zao, kimo chake, tarehe ya kuvuna.

Mstari wa mbele alikaa binti wa dada yake. Chuo kizima kilimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Dada alimkabidhi kwa maneno machache: "Kaka, ninaye huyu mmoja tu. Nitazamie."

Jumatatu, saa nane mchana, Chiriku aliinua mkono.

"Mjomba... samahani, Mwalimu. Kuna mtu kaandika kwenye jedwali langu."

Chini ya kitalu cha kumi na mbili, palipopaswa kuwa patupu, paliandikwa: *Hodi.*

"Nani anachezea mashine ya mwenzake?" Mwalimu aliuliza, ingawa alijua mashine zile hazikuunganishwa kwa waya wala mtandao.

"Mtu akibisha haachwi mlangoni," Chiriku akasema, na kabla mjomba wake hajanyoosha mkono, vidole vilikwisha kuandika: *Karibu.*

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu.

Jumanne paliandikwa: *Nimekaa.* Harufu ilikuwa imezidi, kama handaki lililochimbwa asubuhi ile ile. Jumatano kijana wa meza ya jirani, waliyemwita Mbolea, akachungulia.

"We Chiriku, mgeni wako haondoki?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" Chiriku akaongeza mstari, akaandika: *Kitalu cha 13. Haya, jembe hilo, lima.*

Jibu lilikuja herufi moja moja, kibodi ikiwa haijaguswa na mtu.

*Nimepokea.*

Safari hii hata Mbolea hakucheka.

Alhamisi, katika safu ya kimo, kitalu cha kumi na tatu kilikuwa na 31. Ijumaa, 62. Mwalimu alifuta mstari ule, ukarudi. Alimhamishia Chiriku kwenye mashine nyingine, ukamfuata huko. Alizima umeme wa chumba kizima kwenye swichi kuu, skrini zote zikafa isipokuwa ile moja, na kwa mwanga wake akaona vijizizi vyeupe, vyembamba kama nyuzi, vikichomoza katikati ya herufi za kibodi. Akashika kimoja, kilikuwa na joto la mwili, akakinyofoa, na upande wa pili wa chumba Chiriku akapiga ukelele na kushika kichwa.

"Mjomba," alinong'ona, "umening'oa nywele?"

Tangu hapo Chiriku hakuwa chiriku tena. Alikaa kimya, akiegemea dirisha lenye jua.

Jumamosi, 93. Mwalimu alichukua futi ya shambani, akamsimamisha mpwa wake ukutani, akampima mara mbili. Sentimita mia moja hamsini na tano. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuhitaji karatasi: thelathini na moja mara siku tano. Alipotazama safu ya mwisho, tarehe ya kuvuna ilikuwa imekwisha kujazwa. Jumatatu.

Jumapili adhuhuri akamleta mganga, bibi mfupi mwenye mkoba wa ngozi. Bibi alifika kizingitini mwa chumba cha kompyuta, akanusa, asivuke.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, bibi," Chiriku akasema kwa sauti ndogo.

"Mgeni ningemtoa. Ningemwambia mwenyeji kachoka, angeondoka. Wana adabu zao hawa. Lakini mlimpa nini?"

"Jembe," Mwalimu akanong'ona. "Ilikuwa utani, bibi. Methali tu."

"Wao hawajui utani, mwanangu. Uliyempa jembe si mgeni tena, ni mkulima. Na mkulima hafukuzwi shambani siku moja kabla ya mavuno."

"Shamba lenyewe liko wapi?"

Bibi alimtazama Chiriku kuanzia utosini mpaka nyayoni. Akaondoka na mkoba wake bila kuufungua.

Mwalimu akabaki peke yake mbele ya skrini. Akaandika taratibu, bila kosa hata moja: *Mwache mtoto. Nichukue mimi.*

*Wewe umekauka,* ikajibu.

Jumatatu hakumpeleka darasani. Alikaa naye sebuleni kwake, mbali na mashine yoyote, amemshika mikono yote miwili, akimsimulia mambo ya utotoni mwake ili asilale. Saa nane ilipofika, Chiriku, aliyekuwa amesimama penye jua la dirisha, akasema kwa upole, kama anayeomba radhi, "Mjomba, miguu haitoki." Mwalimu akatazama chini na kuona sakafu ya saruji imepasuka kuzunguka nyayo za binti. Akamkumbatia kiunoni, akakaza magoti na kuvuta, akavuta kwa nguvu zote za mtu aliyekabidhiwa mtoto, huku akiita jina ambalo mama yake alimpa, mpaka akasikia chini ya sakafu mkatiko mzito, uliolowa, kama muhogo unaong'oka, na ndipo alipoelewa kwamba mvunaji waliyekuwa wakimngoja alikuwa yeye.

Binti akasimama wima mikononi mwake. Alitabasamu, akafungua mlango, akaenda zake bila neno. Pale aliposimama pakabaki shimo lenye udongo mbichi, na ndani yake, mbali sana chini, sauti ya mtu mwenye maneno mengi ikazidi kufifia. Mwalimu alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Sauti ikakatika.

Jioni dada yake akapiga simu.

"Kaka, asante. Mtoto kafika, na umenifundishia mtoto! Katulia, hata simtambui. Hali kitu, lakini maji anamaliza ndoo nzima. Tangu afike kasimama juani tu. Ngoja nimwite mzungumze."

"Dada, usi..."

"Huyu hapa."

Mwalimu akabana simu sikioni. Hakusikia pumzi. Alisikia mchakacho wa majani mapana yakisuguana, na nyuma yake dada akicheka kwa furaha: "Sema basi, mwanangu! Mjomba anakusubiri."