Paa la Gari la Koome

Asubuhi ile Gatakaa alikuta vioo vya gari vina ukungu kwa ndani, kana kwamba watu walilala humo wakipumua. Mumewe, Koome, alisema ni baridi ya kwao Nchiru tu, akavipangusa.

Koome alilipenda gari hilo kupita kiasi. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, la chini mno hata ukikaa unahisi lami ikipita karibu na makalio. Taa za mbele zililala ndani ya boneti, na ukiziwasha ziliinuka kama macho ya chura. Paa la turubai lilijikunja lenyewe nyuma ya viti kwa swichi moja tu. Waliolibuni waliliunda kwa muda mfupi wakaacha, na Koome alijisifia hilo: Meru nzima hakuna lingine. Kwa nini waliacha, na kwa nini aliyemuuzia alikataa kuingia ndani kumwonyesha swichi, hakuuliza.

Jumamosi waliteremka Embu kumwona mama yake Gatakaa, paa wazi, jua kali. Walipopita Chuka, paa likaanza kujifunga. Koome hakuwa amegusa kitu. Lilikuja polepole likawafunika, vioo vikapanda. Akaegesha kando, akabonyeza swichi, akavuta vitasa, milango ilikataa. Kukanuka udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa sasa hivi.

"Baba Mukiri," Gatakaa alinong'ona, akimwita kwa jina la mtoto wao, "nani anapumua nyuma?"

Nyuma hapakuwa na kiti. Palikuwa na mwanya mwembamba wa kukunjia paa, na pumzi ilitoka humo, nzito, ya kitu kilichokunjwa pamoja na turubai siku zote hizo, ikasogea hadi shingoni mwa Gatakaa, huku mikanda ikiwakaza vifua na turubai ikishuka hadi ikagusa nywele zao, na nje watu wakipita na mikungu ya ndizi, wakilitabasamia gari kwa uzuri wake, wala hakuna aliyemsikia akigonga kioo kwa ngumi zote mbili.

"Usigeuke," Koome alisema. Kisha akageuka yeye.

Gatakaa alipapasa miguuni kikapu cha zawadi za mama yake, akapata kisu cha kukatia mkate, akakata mkanda, akapasua turubai na kutoa kichwa nje akipiga nduru. Wapita njia wakawavuta nje wote wawili, Koome macho wazi.

Mama Ruguru, mwombezi wa kanisani kwao, aliliombea gari mpaka sauti ikamkauka. Likachomwa. Akasema kilichokuwamo kimetoka, waende kwa amani.

Wiki iliyofuata, Gatakaa alimkuta Koome uani adhuhuri, ameketi kwenye kigoda, juu yake mbingu tupu. Ameinamisha kichwa kama mtu aliye chini ya dari fupi. Akainua mikono, akasukuma, na viganja vikagota hewani, vikabanwa bapa.

"Mama Mukiri," alisema kwa sauti ndogo, "nifungulie. Kimekaribia."