Saa Tatu ya Wapi?

Kila jioni mama yake Fides aliporudi kutoka kuuza mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, alivua viatu na kumkabidhi binti yake simu. Fides alisoma darasa la sita, lakini kwa mambo ya simu yeye ndiye alikuwa fundi wa nyumba nzima. Yeyote aliyekwama alimwita yeye, naye alipenda sana kuitwa.

Ijumaa hiyo alikuja anti Tusekile, mhudumu wa afya wa mtaa wao pale Tunduma, akiwa na kishikwambi chake. Bibi alikuwa amepata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho hospitalini huko Vwawa.

"Gari linaondoka zahanati kesho saa tatu kamili," alisema. "Ngoja niwarushie ratiba kwa Bluetooth. Simu itawakumbusha nusu saa kabla."

Faili liliingia kufumba na kufumbua. Fides alilifungua, akashangaa. Kwenye kishikwambi iliandikwa saa tatu, kwenye simu ya mama saa mbili! Akalifunga, akalifungua tena. Saa mbili ileile. Je, faili linaweza kuharibika hewani? Au amebonyeza pasipobonyezwa? Alitamani kuuliza, lakini fundi wa nyumba nzima aulize swali mbele za watu? Alifuta mbili, akaandika tatu, akanyamaza.

Asubuhi simu ililia kuwakumbusha. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani tangu alfajiri. Fides na mama wakamshika mkono, wakaenda. Zahanatini hapakuwa na gari. Simu ilionyesha saa tatu kasoro dakika kumi, na saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Fides hakuelewa kitu.

"Mlikuwa wapi?" anti Tusekile aliuliza. "Nimepiga, hampatikani. Nikadhani Bibi kaogopa. Gari limeondoka saa tatu, na nafasi yake atapewa mtu wa kituo cha Mpemba, kule njiani."

"Wewe ndiye uliyeturushia saa ya uongo!" Mama aliwaka.

"Mimi? Niliandika tatu kwa mkono wangu!"

Bibi aligeuza uso huku na huku akizifuata sauti. "Basi, turudi nyumbani," alisema taratibu. "Nimeshazoea."

Fides alishindwa kuvumilia. "Mama, ni mimi," alisema huku machozi yakimtoka. "Iliingia saa mbili. Nikaona imekosewa, nikabadilisha. Sikumwambia mtu."

Anti Tusekile aliichukua simu, akaitazama. "Mama Fides, hii si laini ya Zambia?"

"Ndiyo. Jana nilisahau kuitoa."

"Basi simu inafuata saa ya Zambia! Saa mbili ya kule ndiyo saa tatu yetu. Faili lilikuwa sahihi." Tayari alikuwa anampigia dereva. "Bado uko Mpemba? Usimpe mtu ile nafasi! Tunakuja na bajaji."

Jumatatu jioni Bibi alikuwa nyumbani, bandeji imeshatolewa. Anti Tusekile alipokuja kumjulia hali, alimketisha Fides karibu yake.

"Kutoelewa si kosa," alimwambia. "Hata mimi vyombo hivi hunichanganya. Kosa ni kurekebisha usichokielewa, halafu ukanyamaza. Ila uliposema kweli, gari lilikuwa bado halijafika mbali. Ungekawia kidogo tu, Bibi angekosa nafasi. Siku nyingine uliza, mwanangu."

Bibi aliinyanyua simu, akaisogeza machoni. "Saa kumi na moja," akasoma mwenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Ya huku au ya Nakonde?"

"Sijui, Bibi," Fides alijibu. "Ngoja nikamuulize mama."