Mabega ya Mkaguzi

Ujiji. Jumapili, jioni.

Chumba cha nyuma cha duka la vitenge. Mlango umefungwa. Melania alikuwa anamfundisha Dismasi kusimama.

"Mabega nyuma. Unatembea kama umebeba gunia."

"Nimebeba magunia bandarini Kibirizi miaka yote, dada."

"Kesho hubebi. Wewe ni mkaguzi wa makao makuu, mtu wa Tanga, Kigoma hujawahi kuiona. Usiharakishe. Usifumbate mikono mbele kama mwombaji. Ukipewa kiti, kiangalie kwanza."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Kampuni moja ya uvuvi pale Katonga ilikuwa imepokea injini mpya za boti. Wangeingia mchana kweupe, waseme zina hitilafu, zinarudishwa, na makuli wa kampuni wenyewe wazipakie. Elikana, mdogo wake Dismasi, angesubiri ufukweni na boti, kisha wote watatu wavuke ziwa kwenda Kongo.

"Wakipiga simu makao makuu?" Elikana akauliza.

"Nani ampigie bosi simu amuulize kama ni bosi?" Melania alikuwa karani miaka mingi, mikoa ya mbali. "Maofisini watu hawasomi kitambulisho. Wanasoma mwili."

"Na likiharibika?"

"Hatuachani," Dismasi akasema. Alimlea Elikana tangu baba yao alipofariki kule Simbo. Alitafuta hofu moyoni, hakuikuta. Siku hizi hakukuta kitu humo.

Katonga. Jumatatu, asubuhi.

Meneja Wilfred aliinuka kabla hajaambiwa. Suti ya Dismasi ilikuwa ya mtumba, lakini mabega yalikuwa ya mtu mzito. Akakiangalia kiti. Akanyamaza mpaka meneja akaanza kueleza makosa yake ambayo hakuna aliyemuuliza.

"Samaki gani hawa?" Dismasi akauliza, akichungulia dirishani.

"Migebuka, mheshimiwa. Ndiyo mara ya kwanza Kigoma?"

"Ya kwanza. Mimi mtu wa Tanga."

Melania, karani wake wa siku hiyo, akaandika upuuzi kwa kalamu nzuri. Makuli wakapakia. Kazi ikawa mteremko.

Injini ya mwisho ilikuwa inatoka stoo alipoingia Mama Edina, bibi wa Kiha aliyewauzia uji wafanyakazi. Akamwona mgeni, akamsalimu kwa Kiha kama alivyomsalimu kila mtu.

"Mwakeye."

Mwili wa Dismasi haukungoja ruhusa. Magoti yakakunjika, kiuno kikainama, viganja vikapigana taratibu, macho chini, jinsi mama yake alivyomzoeza kabla hajajua kuvaa suruali. Akapokea kikombe cha uji, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Mazoea yana taabu.

Alipoinuka, ofisi nzima ilikuwa inamtazama.

"Mheshimiwa," Wilfred akasema polepole, "Tanga ndivyo mnavyosalimiana?"

Uongo ulikuwepo mdomoni, ila mabega yalikuwa yameshaanguka, na meneja alikuwa anayatazama. Wilfred akaita mlinzi.

Melania aliwahi. Alisogea kando, akasimama na makarani, akakunja mikono tumboni, akainamisha kichwa.

"Mimi ameniajiri jana tu, bosi," akasema kwa sauti ndogo.

Wilfred akamwambia akae, asiogope. Polisi walipofika, kiti chake kilikuwa kitupu.

Dismasi alikuwa ameshikwa na mlinzi, mbele ya dirisha. Kule ufukweni Elikana aliona walinzi wakikimbia. Akatazama ofisini mara moja, akavuta kamba, boti ikaondoka na mzigo. Jambo hilo lilipaswa kumuuma Dismasi. Akayangoja maumivu, hayakuja.

"Nani yuko kwenye boti?" askari akauliza.

Dismasi akatazama sakafu. Kofi. Akaitazama tena.

Mama Edina akamsogelea, akamtazama usoni kwa huruma.

"Mwanangu, kumbe wewe ni wa kwetu. Mtoto wa nani?"

Mtu mzima akiuliza hivyo, hujibiwa. Lakini jina la baba yake ndilo jina la baba yake Elikana, na askari walikuwa wamesimama hapo hapo wanasikiliza. Dismasi akamgeuzia bibi kisogo, akatazama ukuta.

Mama Edina akakitwaa kikombe chake.

"Haya," akasema, akachukua chupa yake ya uji, akatoka.