Vidole Viwili vya Babu

Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Aprili 2010. Tangu alfajiri ukungu ulikuwa umefunika mtaa wa Sham Shui Po, Hong Kong, na kuta za nyumba zilitoa jasho hata sakafu ikateleza. Pui-lam, msichana wa miaka kumi na miwili, alimkuta babu yake, Mzee Mak, akihangaika na vifungo vya shati.

"Mkono huu umekufa ganzi," Babu alisema. "Nimeulalia vibaya. Usimwambie mama yako, atanizuia kwenda kusafisha kaburi la bibi yako."

"Sawa, Babu."

Alimfunga vifungo bila kuhisi chochote. Ndivyo alivyokuwa tangu Bibi alipofariki mwezi wa Januari: hakulia, hakucheka, na chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Bibi naye alikuwa amemwomba asimwambie mtu kwamba kifua kilimuuma. Pui-lam hakusema.

Walipomaliza kusafisha kaburi, yeye na Babu, Mama, Mjomba Kam-shing na mwanawe Yat-hei walikwenda kula kwenye mkahawa wa tambi na nyama za kuchoma aliokuwa akiupenda Bibi. Bata bukini waliochomwa walining'inia dirishani wakichuruzika mafuta, na mchomaji alikata nyama juu ya gogo, ta! ta! ta!

"Watano? Kaeni upesi, watu wanangoja!" alipaza sauti Shangazi Ngan, mhudumu wa siku nyingi. "Mzee Mak, paja nimekufichia. Kula kabla hawa hawajaliona."

Kama ilivyo desturi, Pui-lam alisuuza bakuli na vijiti vya kulia vya wote kwa chai ya moto. Kisha Mjomba Kam-shing akammiminia Babu chai. Babu hakukosa hata siku moja kugonga meza kwa vidole viwili kumshukuru anayemmiminia. Safari hii vidole havikuinuka.

Mjomba alitua birika kwa kishindo. "Kwa hiyo bado umenikasirikia, Baba? Kwa kuwa nilichelewa kufika Mama alipokata roho? Hata chai yangu haistahili shukrani?"

"Kaka, jamani, si hapa," Mama alinong'ona.

Babu alifungua mdomo kujibu, lakini maneno yalitoka yamekwamakwama.

"Babu kalewa chai!" alicheka Yat-hei, mtoto wa Mjomba.

Pui-lam aliona upande mmoja wa mdomo wa Babu umelegea. Alikuwa amemwahidi kwamba hatasema. Akakumbuka jinsi alivyomjibu Bibi vilevile, "Sawa, Bibi," akaendelea kufanya kazi za shule.

"Hajakasirika!" alisema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Mkono umekufa ganzi tangu asubuhi. Aliniambia nisiseme."

Mjomba aliushika mkono wa baba yake. "Finya, Baba. Finya mkono wangu." Mkono haukufinya. Mama alifumba macho, midomo yake ikiomba. Shangazi Ngan alikuwa tayari kwenye simu, akiita gari la wagonjwa kwa sauti ileile ya kuitia tambi.

Ilikuwa kiharusi. Jioni, hospitalini, daktari alitoka akasema wamewahi, na kwamba kwa dawa na mazoezi mkono ungepata nguvu. Pui-lam alisikiliza kama anayesikia habari za watu wengine.

"Bibi pia aliniambia nisiseme," alimwambia mama yake. "Kifua kilimuuma wiki nzima."

Mama alimvuta karibu. "Mzigo huo haukuwa wako, mwanangu. Sisi watu wazima ndio tuliokutwika. Ila sikiliza: mtu akikuambia anaumwa, hiyo si siri ya kutunza. Sema, hata akikununia. Afadhali anune akiwa hai."

Hapo ndipo Pui-lam alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Mwishoni mwa Mei walirudi kwenye meza ileile. Daktari alikuwa amemkataza Babu mafuta, basi paja la bata bukini likatua kwenye bakuli la Pui-lam. Aling'ata ngozi. Ilikuwa na chumvi. Aliihisi.

Mjomba alimimina chai. Vidole viwili vya Babu vikainuka polepole, vikagonga meza mara moja, kisha mara ya pili. Mjomba alifuta macho kwa kiganja, na Shangazi Ngan akasimama na bakuli zake mikononi.

"Nasema mbele yenu wote," alisema Babu taratibu, "na Ngan awe shahidi. Nikiumwa, nitasema siku hiyohiyo. Na sitamwomba tena mtoto anifichie."